Slingi Yenye Bitana

Jumanne, 14 Januari

Nimeumia bega. La kulia — la kazi! Naandika kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, herufi zinatambaa kama za mtoto wa chekechea.

Ilikuwa hivi. Jora la kitambaa cha kijivu liko rafu ya juu kabisa, nyuma ya meza ya kukatia. Meza yetu imeegemea ukuta, kwa hiyo mtu akitaka kitu rafuni analaza tumbo kwenye mbao, ananyoosha mkono na kutafuta. Nimefanya hivyo miaka yote. Leo nikalivuta jora kwa mkono mmoja, likaja lote kwa pamoja. Badala ya kuliacha lianguke — ni kitambaa tu! — nikalidaka. Bega likalia. Si mlio mkubwa. Kama uzi mnene unapokatika.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tunashona naye duka moja, akasimamisha cherehani. Akasema nimekuwa mweupe kama bitana. Mweupe mimi! Nikamwambia ashone kilichomleta. Halafu nikakaa chini.

Jumatano, 15 Januari

Hospitali asubuhi. Daktari akalibonyeza bega, akalizungusha, nikaita jina la mama yangu. Akasema nyuzi za msuli zimechanika kidogo, hazijakatika. Dawa ya maumivu. Mkono upumzike kwenye slingi, kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Akaongeza mengine — siku chache, kuuchezesha, kurudi nimwone — lakini wakati huo nilikuwa naitazama slingi aliyonivisha muuguzi.

Kazi mbaya namna ile sijapata kuiona! Pembetatu ya kitambaa chepesi, pindo halijakunjwa, fundo limekaa juu ya mfupa wa shingo. Kiwiko kinachungulia nje kama jirani. Nimeaibika njia nzima. Watu wananijua mimi ni fundi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimejishonea slingi yangu. Mkono wa kushoto umeongoza kitambaa, wa kulia umesaidia kwa vidole tu, lakini imetoka! Kitambaa cha koti, bitana ya satini ili ngozi isichubuke, sponji chini ya kiwiko, mkanda mpana unaogawa uzito begani. Mbele nimeweka mfuko mdogo. Chaki inaingia, futikamba inaingia.

Mke wangu ameniangalia mlangoni. "Umeuvalisha mkono suti," akasema. "Na mimi gauni langu uliloahidi?"

Kukata atakata shemeji kwa muda. Nimemwambia neno hilo mara mbili: kwa muda. Mtaa mzima wanamwita Spidi, na si kwa kumsifu. Anakata kama mtu anayekimbia mvua.

Jumatatu, 27 Januari

Leo Mkunga amekuja. Amestaafu siku nyingi lakini jina halijastaafu. Watoto wangu wote wawili walipokelewa na mikono yake. Alileta kifurushi cha karatasi ngumu, akakifungua polepole mezani — sufu nzito, buluu iliyokolea, kitambaa ambacho ukikishika unatamani kunyamaza.

Marehemu mumewe alikinunua safarini, akakiweka ajishonee suti. Hakuwahi. Sasa Mkunga anaondoka mapema Aprili kwenda kukaa na binti yake aliyejifungua huko kwenye baridi kali, na anataka koti refu. Atoke hapa akiwa ndani ya kitambaa cha mumewe. Ndivyo alivyosema, bila machozi, akikilaza kwa kiganja.

Nimekipima. Kinatosha koti moja. Ukikosea sehemu moja tu, hakuna pa kuzibia.

Shemeji akajitokeza, akasema anaweza kukianza hata kesho. Mkunga akamtazama kwa upole. Akasema anamheshimu, ila kitambaa hiki hakina ndugu, na anataka kikatwe na mkono wangu. Atasubiri. Ikifika mwisho wa Machi mkono haujaweza, hapo atakubali vyovyote.

Nikasema utaweza. Wiki mbili tatu tu! Nikaipiga slingi kofi la kirafiki. Shemeji akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeshona slingi ya pili. Ya kijivu, inalingana na suti yangu ya kutokea. Karani mmoja wa benki ameiona, akauliza bei. Nikamwambia wewe huna ugonjwa. Akasema haidhuru!

Niseme kweli, si maisha mabaya. Dukani navutiwa kiti. Mke wangu ananikatia nyama sahanini. Bega haliumi kabisa nikiwa ndani ya slingi. Linauma nikiutoa mkono, kwa hiyo siutoi. Kitu kilichochanika usikivute. Hilo nimelijua kabla sijaota ndevu.

Jambo moja linanikera. Spidi amekata sare za shule, furushi zima. Nilizipitia moja moja nikitafuta kosa. Sikulipata. Nikasema kola imelala vibaya. Kola ilikuwa imelala vizuri.

Jumanne, 25 Februari

Leo mambo si mambo.

Nilivua slingi asubuhi nijaribu. Nikasimama mbele ya kioo, nikauamuru mkono upande juu. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Si maumivu tu — umegoma! Kama mlango uliopigiliwa misumari. Nikainua bega zima, nikapinda kiuno, nikasimama kwa vidole vya miguu, kana kwamba mkono utadanganyika. Wapi.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaushika mkono, akajaribu kuuinua yeye. Ukaishia pale pale. Akauachia taratibu. Hakutania. Mke wangu asipotania, kuna jambo.

Nimekaa kitandani nikijiuliza: fundi asiyefika upande wa pili wa meza ni fundi wa nini? Wa kupima viuno vya watu na kusema karibu tena. Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu karatasi haitanicheka.

Jumatano, 26 Februari

Mkunga amekuja kupimwa. Nikampima mabega kwa mkono wa kushoto, nikijitia hamnazo. Ilipofika urefu wa mkono wake nikamwita shemeji ashike ncha ya futikamba. Mkunga akageuka.

"Inua huo mkono nikuone."

"Unaendelea vizuri, mama."

"Sikuulizi habari zake. Uinue."

Nikainua. Yaani, nikajaribu. Ukaishia usawa wa kifua.

Akaniambia mficha uchi hazai, na kwamba yeye amewaona wengi waliojaribu. Kisha akaandika namba ya chumba cha mazoezi ya viungo kule hospitali, akasema niseme nimetumwa na yeye. Shemeji alikuwa anaviringisha futikamba. Kwa mara ya kwanza sikuona anafurahi.

Ijumaa, 28 Februari

Mtaalamu wa viungo ni dada wa makamo, mfupi, mikono mipana kama ya mwoka mikate. Kila sentensi yake ina neno polepole. Geuka polepole, lala polepole, pumua polepole. Nimeshampa jina — Dada Polepole. Moyoni tu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kunivua slingi. Akaigeuza ndani nje. Akapapasa bitana, akabonyeza sponji, akaingiza kidole kwenye mfuko wa chaki. Nikavimba kichwa kidogo, nikasubiri sifa.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ni nzuri mno. Ile ya kwetu inakwaruza shingo, mgonjwa anaichoka mwenyewe mapema, anaitupa, anaanza kuutumia mkono. Wewe umejijengea nyumba ukahamia."

Nikaomba anirudishie.

Akaniuliza daktari alisema nivae muda gani. Hapo ndipo yale maneno ya Januari yakanirudia, moja moja, kama watu wanaochelewa mkutanoni. Siku chache. Uanze kuuchezesha. Urudi. Alisema! Mimi nilikuwa nahukumu pindo.

Nikajitetea. Nikamwambia mimi ni mtu wa kitambaa, na kitambaa kikichanika hukivuti, unakilaza mpaka kishonwe. Akaniuliza kitambaa kinashonwa na nani. Na fundi, nikasema.

"Sasa mwili hausubiri fundi. Unajishona wenyewe, umeanza siku ile ile ulipoumia. Ila haujui nyuzi zilale upande gani mpaka uusogeze. Ukiulaza tu, unashona ovyo, huku na huku, na kila kitu kinagandana na mwenzake. Ile nyama iliyochanika naona imeshapona zamani. Kinachokuzuia sasa ni ugumu."

Imeshapona zamani! Nimekuwa nikimbeba mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa.

Nikauliza mbona basi inauma. Akasema kengele ya mlango ikilia si lazima awe mwizi, na mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa lazima ulie. Kuna maumivu ya kuvutika — yanapanda, ni mazito, yanashuka ukishusha mkono. Hayo tunayakaribisha. Na kuna yale ya kuchoma ghafla, au yanayolala nawe mpaka kesho yake. Hayo yakija tunapunguza. Hatuachi kabisa — tunapunguza. Akanitaka niyatofautishe mwenyewe, maana yeye hayuko ndani ya bega langu.

Nimeyapa majina njiani. Mvuto na pini.

Mwisho nikamuuliza kama mwisho wa Machi nitakata. Akanitazama usoni. Akasema bega lililoganda kidogo huachia mapema, lililoganda sana huchukua hata mwaka, na langu bado hajui ni lipi. Afadhali angesema uongo.

Jumapili, 2 Machi

Mazoezi. La kwanza: nainama, mkono wa kushoto juu ya stuli, wa kulia unaning'inia, naubembeza duara ndogo. La pili: kitambaa cha moto begani kwanza, kisha nasimama ukutani na vidole vinapanda kama wadudu, hatua kwa hatua, mpaka vinapogoma. Hapo nahesabu pumzi, nashuka polepole. Neno lake hilo limeniingia.

Pale vidole vilipogoma nikaweka alama ya chaki, na nyingine juu ya usawa wa kichwa, ya kulenga. Ukuta wa chumbani. Mke wangu akaingia, akauona ukuta, akaniona nimeinama nikibembea. Akauliza kama tumepata mtoto wa tatu bila yeye kujua.

Mvuto mwingi. Pini hapana. Baada ya chai maumivu yakawa yameshuka. Yaani aliyosema ni kweli!

Ijumaa, 7 Machi

Alama ya chaki imepanda. Si sana — upana wa kiganja. Lakini imepanda! Leo nimechana nywele kwa mkono wa kulia. Upande mmoja tu.

Nimegundua mambo. Asubuhi bega ni ubao, mchana linalainika. Nikishikilia pumzi linakaza, nikiachia nalo linaachia. Na nikiwa na hasira halisogei kabisa. Jana Spidi alikata kitambaa cha mteja wangu bila kuniuliza, na vidole vyangu ukutani viliishia chini kuliko juzi. Sikujua bega lina masikio.

Slingi ya kwanza nimeiacha nyumbani. Mkono ulijiona uko uchi njiani. Kila mtu alionekana anakuja kunigonga. Hakunigonga mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mjinga ni mimi.

Shemeji aliuliza tu — kwa wema, nakiri — kama anishushie lile jora la kijivu. Nikasema naweza. Nikalala tumbo mezani, nikanyoosha mkono, nikalishika. Nikalivuta kidogo kumwonyesha.

Pini.

Nikalikumbatia bega, nikapiga magoti. Spidi aliruka kutoka kwenye cherehani yake nusu aiangushe. Aliniambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Yote yalikuwa sawa.

Jumatano, 12 Machi

Linauma tangu nimeamka. Nimevaa slingi. Nimeivua. Nimeivaa.

Nimeivua.

Ijumaa, 14 Machi

Dada Polepole amekuja dukani mwenyewe! Ameleta sketi, zipu yake imekufa. Ama ndivyo alivyosema. Alinikagua pale pale katikati ya nguo za watu, mkono huku, mkono kule, akabonyeza. Akasema sijaurarua upya, nimeukasirisha tu. Siku mbili nibembeze bila kupanda ukuta, kisha niendelee pale nilipoachia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu akasema nimwonyeshe nilivyoumia mara ya kwanza. Bila jora, akawahi kusema. Nikasimama kwenye meza, nikajilaza, nikanyoosha mkono hewani kuelekea rafu. Akanizuia hapo hapo.

"Na kukata? Ukikata kitambaa kirefu?"

Nikamwonyesha. Nasimama mahali pamoja, miguu imara, mkasi unaenda mbali mpaka mkono unaisha, kisha naegemea tena. Fundi hatangatangi. Hivyo nilifundishwa.

Akaitazama meza. Akautazama ukuta. Akauliza kwa nini meza imegusa ukuta.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama.

Jibu ni hili, na nimecheka nikiliandika. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kibanda chembamba kama ujia, meza ingekaa wapi pengine? Nilipofungua duka langu, chumba hiki kipana, nikaiweka meza ukutani kwa sababu meza ya kukatia hukaa ukutani. Hivyo tu! Miaka yote nimekuwa nikifanya kazi ndani ya kibanda kisichokuwepo.

Dada Polepole hakunicheka. Akasema mkono haukuumbwa kufanya kazi ya miguu. Jora lile lilimalizia tu, bega lilikuwa linachoka kidogo kidogo kila siku, na hata likipona lote, nikilirudisha kwenye meza ile, atanipokea tena. Akaacha sketi, akaondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeihamisha meza. Yaani shemeji na muuza mbao wa jirani wameihamisha, mimi nimesimamia kwa mdomo. Sasa iko katikati ya chumba. Nyuma yake tumekuta pini za enzi na enzi, vifungo vya kila rangi, na mkasi mdogo niliomtuhumu shemeji kuupoteza. Akauokota. Akauweka mbele yangu. Nikasema samahani. Akasema sijasikia. Nikasema tena kwa sauti, muuza mbao akapiga makofi.

Nimekata bitana ya majaribio nikizunguka meza. Hatua, mkasi, hatua, mkasi, kiwiko karibu na mwili. Najiona kama bwana harusi anayesalimia wageni. Lakini bega limenyamaza kimya.

Sufu ni kitu kingine. Bitana unaikata kwa kidole. Sufu ile nzito inataka mkasi mkubwa, na mkasi mkubwa unataka bega.

Jumapili, 23 Machi

Nimefika juu ya kichwa. Si mkono kunyooka wote, kiwiko bado kinapinda, ila vidole vimegusa ile alama ya juu niliyoiweka siku ya kwanza. Nimegusa, nimeshuka, nimegusa tena nisije nikawa nimejidanganya. Mke wangu nikamwita aone. Akasema sasa hana kisingizio cha kuninyima kazi ya kupaka ukuta rangi.

Slingi ya kwanza ameitundika jikoni, ameijaza vitunguu. Inabeba vizuri sana. Nimenung'unika kidogo, kwa heshima ya kazi.

Mgongoni bado. Mkono hauendi nyuma hata kufika mkanda wa suruali. Na uchovu unakuja haraka — nikishika mkasi mkubwa dakika chache bega linaanza kutetemeka kama mguu wa cherehani. Dada Polepole amesema nguvu huja nyuma ya wepesi, haiji nao pamoja. Tena polepole! Tarehe haisikii neno hilo.

Jumatano, 26 Machi

Mkunga amepita. Koti likatwe Jumamosi, lishonwe Jumapili na Jumatatu, avae Jumanne aone. Jumatano anapanda ndege. Akauliza mkono unasemaje. Nikamwambia kweli safari hii: unapanda, lakini unachoka, na sijui. Akaitikia kwa kichwa. Akasema Jumamosi atakuja akae hapo hapo kwenye kiti, tuamue tukikiona kitambaa.

Alipotoka nikapiga moyo konde. Nikamwambia shemeji ajiandae, huenda akakikata yeye. Nilidhani ataruka. Spidi akakaa chini.

Akasema hataki. Kila alichokata tangu Januari amekikata akijua mimi niko kwenye kiti nyuma yake, na nikinyamaza anajua yuko sawa. Sare ziko nyingi, ikiharibika moja anakata nyingine. Ile sufu ni moja. Akasema ikiharibika mikononi mwake, yule mama atapanda ndege bila koti, na yeye atabaki mtaa huu akiwa mtu aliyemkata marehemu.

Sikujua kama ananiangalia namna hiyo. Kumbe kukaa kwangu kote kwenye kile kiti alikuwa anakata kwa macho yangu. Nikataka kumwambia ile kola ililala vizuri. Nikamwambia.

"Naijua," akasema. "Nilisubiri tu uniambie."

Jumamosi, 29 Machi

Naandika dukani, juu ya meza ya cherehani, chai iko pembeni. Mambo yako katikati.

Nilianza mapema. Kitambaa cha moto begani, kubembea, ukuta. Nimelaza sufu mezani, nimechora kwa chaki. Shemeji ameishikilia upande wa pili isiteleze. Mkunga kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini.

Mikono ya koti imetoka. Sehemu mbili za mbele zimetoka, safi, nimepumzika kati ya moja na nyingine kama nilivyoagizwa. Nimezunguka meza kila mara. Ikabaki ya mgongo, ndefu kuliko zote, shingoni mpaka chini ya magoti. Nikaingiza mkasi. Unakwenda vizuri! Sufu inaachia yenyewe, ile sauti niliyoikosa tangu Januari. Nikafurahi. Nikasahau. Miguu ikajisimika pale pale, mkono ukaenda wenyewe, mbali, mbali zaidi, kama zamani —

Maumivu yakanijia.

Nimeachia mkasi. Uko ndani ya kitambaa, umefika nusu ya mgongo wa koti, midomo wazi. Mstari wa chaki unaendelea mbele yake. Kilichokatwa hakijapinda. Nimekagua mara tatu, hakijapinda hata uzi mmoja. Lakini hakiwezi kubaki hivyo, na hakiwezi kurudi.

Shemeji ameitazama slingi ya kijivu msumarini, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Hajaondoa viganja vyake kwenye kitambaa, jasho linamtoka. Ameuliza kwa sauti ndogo: "Nimalizie, shemeji?"

Mkunga amesema asiniharakishe. Kisha akaniambia mimi: "Usisukume. Pumua kwanza." Maneno aliyomwambia mke wangu mara mbili nikiwa nje ya mlango.

Nimepumua. Nimekunywa chai nusu kikombe. Naandika ili mkono utulie na ili nisikilize. Yalikuja kwa kupanda, ama yalichoma? Sikumbuki, niliogopa kabla hayajafika. Sasa hivi yako chini kuliko yalivyokuwa nilipoanza kuandika ukurasa huu. Ni mazito. Ni butu. Nadhani ni mvuto. Nadhani.

Nimeutazama ule mstari. Sehemu iliyobaki iko mbali sana kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Kutoka upande wa shemeji iko karibu, kiwiko kinaweza kubaki ubavuni.

Amesimama mahali penyewe hasa. Nimemwambia asogee kidogo, nipite nikimalizie kutoka hapo.